Machozi ya Fundi Bomba

Kinyozi alipopiga goti kuipima televisheni ya baba yake, alitumia futi ya kushonea ya mama yake. Baba mwenyewe alikuwepo pale pale kwenye kiti chake cha siku zote, mikono juu ya magoti, uso kauelekeza dirishani, kana kwamba kinachopimwa ni mali ya jirani.

"Itaenea," kinyozi alisema, akijisemea zaidi kuliko kumwambia mtu. "Juu ya kile kioo kikubwa. Hata mteja niliyemwinamisha kichwa ataiona."

Mama yake alikuwa mlangoni na kipande cha kitenge begani, pini mbili mdomoni, akamtazama mwanawe anavyoiviringisha ile futi kidoleni. Hakuwa mtoto mbaya. Asingethubutu kuomba televisheni. Baba yake ndiye aliyemwita kwa simu akamwambia njoo uchukue, hapa inakula vumbi tu, huko kwenye kibanda chako itakuletea wateja. Na kinyozi, ambaye kibanda chake kilikuwa na kioo, kiti kimoja na kalenda ya mwaka uliopita, alikuwa amekuja siku hiyo hiyo.

Alipoinuka akajipangusa magoti, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, baba ameshakula?"

Mama akatoa pini mdomoni. "Huyo hapo."

Kinyozi akamtupia baba yake jicho, akacheka kidogo kwa haya, na swali lenyewe asilirudie. Alisema Jumapili alasiri ataazima mkokoteni wa muuza maji aje kuichukua. Akaaga. Ile futi aliiacha juu ya televisheni.

* * *

Baba wa kinyozi mtaa mzima ulimwita Koki, kama koki ya bomba. Alikuwa fundi bomba, tena wa kusifika. Bomba alilolifunga yeye halikudondosha hata tone. Lakini akikaa mbele ya filamu alivuja yeye mwenyewe. Zamani, katika ukumbi wa sinema uliokuwa karibu na soko, watu walikuwa wakigeuka gizani kumsikiliza anavyopenga kamasi. Baadaye ukumbi ulipogeuzwa ghala la saruji, akanunua deki na televisheni, na majirani wakawa wanapita dirishani jioni na kuambiana, "Koki imefunguka tena." Fundi wa kuziba maji, wakasema, na yake hana wa kumzibia. Koki alicheka pamoja nao huku akijifuta.

Hakuwa mtu wa kulia hovyo. Alipomzika baba yake mzazi alisimama kavu kama ukuta, hata mashangazi wakanong'ona. Mkewe alipomuuliza baadaye, alijibu, "Msibani watu wananitazama mimi. Kwenye filamu mimi ndiye ninayetazama."

Na si kila filamu aliipenda. Zile za watu kusemezana kuanzia mwanzo hadi mwisho aliziita redio. Alipenda zile ambazo mtu anafungua mlango, anakiona kiti kitupu, anaufunga tena mlango, basi, na wewe unajua yote. Kulikuwa na moja ya bondia mzee aliyepigwa vibaya, na binti yake anamwosha uso kwenye beseni bila kumuuliza kitu. Nyingine ya ndugu wawili waliogombana, wakajenga ukuta katikati ya nyumba ya baba yao, kila mmoja akawa anasikiliza kikohozi cha mwenzake ng'ambo. Koki alikuwa akitoka kwenye filamu kama hiyo amekuwa mpole siku nzima. Mteja akimtukana hajibu. Akipita kwa kaka yake anamwachia sukari.

Mkewe, Mama Cherehani, hakuwahi kukaa naye hata siku moja. Aliokoka akiwa msichana, akafundishwa kwamba filamu ni mlango wa adui, na mlango wa adui haufunguliwi kidogo. Jioni, mume akiwa sebuleni na watu wake wa kwenye kioo, yeye alipiga magoti chumbani na kuomba kwa sauti, maana hakujua kuomba kimoyomoyo. "Ee Bwana, ziondoe filamu hizi katika nyumba hii." Na kutoka sebuleni, bila kuondoa macho kwenye picha, Koki aliitikia, "Amina. Ila baada ya hii."

Walikuwa wakicheka, hata yeye mwombaji. Kwa kuwa wote wawili walikuwa mafundi, waliitana hivyo hivyo: fundi, chai iko tayari. Fundi, umeiona miwani yangu? Kila alipopata mabaki ya kitambaa laini alimpindia mumewe leso za mfukoni, akizipanga droo moja na sindano zake. Alimwombea Mungu amtoe kwenye filamu, na alimshonea za kufutia machozi ya filamu, na hakuona kwamba mikono yake ilikuwa inavuta pande mbili.

Kisha presha ya macho ikaja. Daktari alieleza kwamba mishipa ya kuonea imekufa na haitafufuka. Koki aliacha kazi, akaacha kutoka, akaacha kuomba leso. Alikuwa anakula vijiko viwili vitatu, anasukuma sahani. Hakulia hata kidogo. Na siku alipompigia mwanawe simu kuhusu televisheni, alikata simu, akageuza uso kule alikosikia mkasi wa mkewe.

"Shukuru, mama," alisema. "Maombi yako yamejibiwa."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayemjulisha mwenzake kwamba maji yamekatika. Lakini Mama Cherehani alisikia mawili: ile habari yenyewe, na kwamba hakumwita fundi.

* * *

Jumamosi alikwenda kwenye maombi ya kina mama. Walikutana katika chumba cha nyuma ya kanisa, penye mabenchi na ndoo ya maji yenye kikombe kimoja. Habari ilikuwa imemtangulia, maana mke wa muuza maji alikuwa mmoja wao. Mwenyekiti, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya kuita wagonjwa, hakumwacha hata akae.

"Wapendwa, dada yetu leo ana ushuhuda. Miaka yote hii tumesimama naye kuomba nyumba yake isafishwe. Simama, dada, utuambie Bwana alivyotenda."

Mama Cherehani alisimama, mkoba ameukumbatia tumboni. Wakampigia makofi ya kumtia moyo.

"Televisheni inatoka?" mwenyekiti alimsaidia.

"Inatoka kesho."

"Haleluya."

"Inatoka kwa sababu mume wangu haoni."

Makofi yalikufa moja moja. Mtu alikohoa. Mama mmoja mpole, mshika fedha wa kikundi, akasema taratibu kwamba njia za Mungu si njia zetu.

"Najua," Mama Cherehani alisema. "Lakini hii siitaki." Akauweka mkoba benchini. "Sina ushuhuda. Nina shida. Lile ombi tuliloomba hapa, naomba tulirudishe."

Wengine walishusha macho kwa kumwonea aibu. Mwenyekiti akatabasamu kama anavyomtabasamia mgonjwa asiyetaka sindano. "Dada yangu, ombi si kitambaa, useme kipimo kimekosewa ukirudishe dukani."

"Kitambaa kikishakatwa hakirudishwi, mwenyekiti. Hilo nalijua kuliko wewe. Lakini kikikatwa vibaya hakitupwi. Kinatafutiwa nguo nyingine."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kilemba, na alipoivaa tena sauti yake ilikuwa imeshuka. Aliuliza, basi waombe nini sasa. Mama Cherehani alikuwa amefika na machungu tu.

Ndipo bibi mmoja wa benchi la nyuma, ambaye kwa kawaida alikuwa akisinzia mpaka wimbo wa mwisho, akauliza, "Hizo filamu zenyewe, mwanangu, zinahusu nini hata zikamshika hivyo?"

Wote wakamgeukia Mama Cherehani.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kutazama hata moja."

Alikaa chini. Wimbo ulianzishwa, na yeye hakuimba. Aliwaza tu kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa amemshitaki mtu mbele ya Mungu bila kumhoji.

* * *

Jumapili alirudi kutoka ibadani, akabadili nguo, akaweka chakula mezani. Koki alikula kile kidogo chake, akasukuma sahani. Televisheni ilikuwa pale pale, futi imejiviringisha juu yake. Mama Cherehani aliitwaa akaitundika shingoni, kama siku ya kazi.

"Ile unayoipenda kuliko zote ni ipi?"

"Ya nini sasa."

"Nataka kujua nilikuwa naomba kitu gani kiondoke."

Pua ya Koki ilitoa pumzi iliyokaribia kuwa kicheko. Kisha akasema iko kwenye droo ya chini, ile ambayo kasha lake limepasuka akalifunga kwa tepu nyeupe ya mabomba.

Deki ilimtesa. Aliitia diski kinyume, ikaitema. Koki alimwelekeza kwa mdomo, kidude gani abonyeze, na mara mbili alitaka kuinuka aje mwenyewe, akakumbuka. Hatimaye muziki ukaanza, wa kinanda, polepole. Mama Cherehani akavuta kigoda akaketi karibu na goti la mumewe, mgongo umenyooka kama yuko kwa daktari.

Alisubiri. Muziki ukaendelea.

"Mbona hawasemi?" aliuliza.

"Wangesema, ningekuhitaji wa nini?"

Akaanza. "Kuna mwanamke. Anafua."

"Anafuaje?"

"Anafua kama watu wanavyofua. Sasa ameingia mtu. Ametoka. Sasa kuna mlango."

"Unasoma matangazo ya vifo, mama." Koki alijikunyata kitini. "Ngoja nikuulize. Mteja akutume umshonee mkewe gauni, akwambie tu, ana mwili. Utashika mkasi?"

"Nitamfukuza."

"Haya. Na mimi usiniambie wana mwili."

Alichukia kidogo. Kisha akakiinamia kioo na kutazama kama anavyomtazama mteja anapoingia mlangoni, kuanzia mabegani kushuka chini, kabla mtu hajasema anataka nini.

"Ni dobi wa hoteli," alisema. "Gauni lake ni la kazi, si lake, limeshonwa kwa mtu mnene zaidi, amelikaza nyuma kwa pini. Mikono ameikunja mpaka kwenye kiwiko na haishuki, maana amezoea maji. Chumba anachoingia kimeachwa na wageni. Vitanda vimevurugwa. Anakusanya shuka… kuna mtoto."

"Amelala kwenye shuka."

"Amelala kwenye shuka, ndiyo. Wamemsahau?"

"Wamemwacha," Koki alisema.

Mama Cherehani alisema jina la Bwana polepole. Hakusubiri tena kuulizwa. Alimweleza dobi anavyomficha mtoto kwenye kapu la nguo, anavyopita nalo mbele ya meneja, shingo ameikaza, na anavyofika chumbani kwake penye kitanda kimoja na kamba ya nguo. Alieleza baridi inavyoingia, kwa sababu watu wote njiani wameinua kola. Na mtoto hana koti.

"Ametoa blanketi la hoteli," alisema. "Anakata."

"Anakata nini?"

"Koti la mtoto. Hukuliona?"

Koki alikunja uso. "Najua mtoto ana koti. La kahawia."

"Ni blanketi. Nimeliona kwenye upindo, ule mshono mnene wa kingo, ameuacha ukawa kola. Si mjinga huyu. Lakini anashonea gizani, anaogopa kuwasha taa, mshono wa kushoto umekwenda upogo. Na amekata refu mno. Amepinda chini pana hivi." Alishika kiganja cha mumewe na kumpimia kwa vidole viwili. "Anajua mtoto atakua. Hajui kama atakaa naye, lakini ameshamkatia ya kukulia."

Koki hakuachia vile vidole.

Filamu ilikwenda, mtoto akakua. Mama Cherehani alikuwa amesahau kunyoosha mgongo. Alimkemea meneja kwa sauti. Alipoona dobi amekula mabaki ya wageni akiwa amesimama, mgongo ameupa mlango, aliacha kueleza, akapiga ulimi, akaeleza tena. Halafu akasema, "Ee. Ameliachia."

"Nini?"

"Pindo. Mtoto amerefuka, ameliachia koti chini. Na pale lilipokuwa limekunjwa umebaki mstari. Mstari wa pindo la zamani hautoki, hata upige pasi namna gani. Ndivyo zilivyokuwa kaptura za shule za mwanao. Kila mwaka mstari."

"Sikuwahi kuuona," Koki alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake ina chumba asichokijua. "Nimeitazama filamu hii mpaka diski ikakwaruzika. Sikuwahi kuuona."

"Ulikuwa unatazama nyuso."

"Nilikuwa natazama nyuso, fundi."

Neno lile lilimpita Mama Cherehani kama joto la pasi linavyopita kwenye kitambaa. Hakuligusa, asije akaliharibu. Akaendelea. Akaeleza mstari wa pili kwenye koti. Akaeleza gari lililosimama mbele ya hoteli, na mama mzazi anayeshuka, glavu mkononi, gauni lililokatwa na fundi hodari, la kumkaa bila kosa hata moja. Alitaka kumchukia akashindwa, kwa sababu mwanamke yule alikuwa amefunga vifungo vyake vibaya, kimoja kimeruka, kama mtu aliyevaa huku mikono ikitetemeka. Alimwambia mumewe na hilo. Koki akatikisa kichwa, akasema hata yeye kila mara alishindwa kumchukia, na hakujua kwa nini.

Kisha Mama Cherehani akanyamaza.

Kinanda kilikuwa kimerudi. Koki alisubiri, kichwa amekiinamisha upande wa mkewe.

"Umeme umekatika?"

Muziki ulikuwa unalia bado. Aliisikia pumzi ya mkewe inavyokwama na kujikwamua. Akanyoosha mkono polepole mpaka ukaligusa bega lake, akakuta linatikisika.

"Haya," alisema. "Usiseme. Nitasema mimi, na wewe utanisahihisha. Wapo getini."

"Ndiyo."

"Amepiga goti, anamfunga mtoto vifungo vya koti. Anaanzia cha chini."

"Cha chini, ndiyo."

"Mtoto anaingia kwenye gari. Hageuki."

"Hageuki." Sauti ilikuwa ndogo. "Koti limebana mabegani, baba. Halina tena cha kuachia. Pindo limekwisha."

Midomo ya Koki ilicheza.

"Sasa gari linaondoka. Anainua mkono."

"Hajainua."

"Anainua. Ngoja."

Mama Cherehani alingoja. Mwanamke wa kwenye kioo alisimama katikati ya geti na gauni lake la kukazwa kwa pini, na muda ukapita mrefu kuliko anavyoweza kuuvumilia mtu aliyepata kumpeleka mtoto mahali.

"Ameinua," alisema.

Alipogeuka kumtazama mumewe, aliona uso wote umelowa. Yalikuwa yanamtoka kwenye macho yale yale ambayo daktari alisema yamekufa, yanateremka mpaka kwenye kola, na yeye hana habari. Alichukua mkono wa mumewe akamwekea kwenye shavu lake lililolowa. Koki alijipapasa kwa kidole, taratibu, kama anavyopapasa bomba kutafuta panapovuja.

"Nilidhani yamekwenda pamoja na macho," alisema.

Mama Cherehani alitaka kwenda kwenye droo kuleta leso, akashindwa kuinuka. Akajifuta kwa kiganja, kisha akamfuta na yeye kwa kiganja hicho hicho. Moyoni alijaribu kuomba, na kwa mara ya kwanza maishani mwake maombi yakakaa ndani bila sauti. Hayakuwa na neno lolote la ondoa.

* * *

Kinyozi aliuegesha mkokoteni nje, akasukuma mlango akiwa na kamba mkononi. Aliwakuta wazazi wake wamekaa wameegemeana, wote macho mekundu, na kioo kimejaa majina ya watu yanayopanda juu.

"Kuna nini? Nani amefariki?"

"Hakuna aliyekufa," mama yake alisema. "Vua viatu."

Alivua. Alisimama katikati ya chumba na soksi zake, kamba ikining'inia, akimtazama mmoja, akimtazama mwingine. Akakohoa. Akasema muuza maji anautaka mkokoteni wake kabla ya jioni, na kama wako tayari, basi yeye aanze kuifunga televisheni.

Mama Cherehani akainuka, akaichomoa futi shingoni, akapima kioo kutoka pembe hadi pembe bila hata kuzisoma namba.

"Haitaenea," alisema.

"Mama, nilipima mwenyewe."

"Ulipima kwa futi yangu. Haitaenea."

Kinyozi akamtazama baba yake kutafuta mtetezi, na akamwona anatabasamu kuelekea mahali palipo karibu kabisa na uso wa mwanawe. Akaishusha ile kamba chini. Sahani ya mchana ilikuwa bado mezani. Aliitazama, akamgeukia mama yake, na mama yake akamkata kwa jicho, kidevu kikimwonyesha baba.

Basi kinyozi akachutama mbele ya kiti cha baba yake. "Baba," aliuliza, "umekula?"

"Bado," Koki alisema. "Niletee hiyo sahani, ukae hapa. Na wewe, fundi, rudisha mwanzo. Kuna koti sijaliona."